Makutani ya Kilwa: Uzuri na Bei Yake



Nimepewa heshima ya kusema machache juu ya sanaa ya ujenzi na mapambo katika karne ya 18. Wengi wakitaja karne hiyo husifu nyumba za Dublin katika Ireland, zilizojengwa zama za wafalme wanne walioitwa George, tangu 1714 hata 1830, ambazo dari zake zina nakshi za lipu. Ni haki kuzisifu. Lakini zama zizo hizo, katika Kilwa Kisiwani, mafundi wa pwani nao walikuwa kazini.

Itazameni Makutani, jumba la masultani, lililopanuliwa katika karne ile na kuzungushiwa kuta zenye minara. Fundi alitwaa matumbawe mabichi kutoka baharini, ambayo ni laini na huchongeka upesi, kisha yakikauka huwa magumu. Kwa hayo wajenzi wa Kilwa walichonga mihrabu, zidaka na miimo ya milango. Mengine waliyachoma juu ya magogo hata yakawa chokaa. Dari zililazwa juu ya boriti za mikoko. Ndiyo sababu vyumba vya kale vya pwani ni vyembamba, kwani upana hufuata urefu wa boriti.

Sasa twaulize: mali ilitoka wapi? Kilwa ilitajirika tena kwa pembe za ndovu na kwa kuuza watu. Tarehe 14 Septemba 1776 Sultan Hasan bin Ibrahim aliwekeana mkataba na Mfaransa Morice, ampe watumwa 1,000 kila mwaka kwa riali 20 kila mtu, na Sultan apate riali 2 za zawadi juu ya kila kichwa. Watu hao walikusudiwa mashamba ya visiwa viitwavyo leo Mauritius na Réunion. Wala Kilwa haikuwa peke yake: sukari iliyotiwa katika chai ya mabwana wa Dublin ililimwa na watumwa wa Karibea.

Mabwana, sisi ni watu wa kalamu, nasi twajua nguvu ya hati. Hati ile ilihifadhi bei, lakini haina jina la hata mmoja katika wale walioahidiwa kuuzwa.

Mwaka 1981 UNESCO iliyatia magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika urithi wa dunia. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya yaliyo hatarini, na baada ya matengenezo yakaondolewa humo mwaka 2014. Basi kuta zinatunzwa, na ni vema. Lakini anayempeleka mtoto Makutani na amwonyeshe mambo mawili: mkono wa fundi uliojua kazi yake, na riali 20. Akificha la kwanza amewadhulumu mafundi. Akificha la pili amewauza wale watu mara ya pili.