Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa: Turudi Kwenye Chungu cha Nyumbani

Hotuba ya Mratibu wa Miradi ya dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika na wageni kutoka sharika rafiki



Tumeombwa tuzungumze juu ya lishe. Tutaanza na jambo ambalo si rahisi kulisema mbele ya wafadhili wetu. Kwa miaka mingi ofisi yetu imekuwa ikileta taarifa za magunia: mbegu bora zilizogawiwa, ekari zilizolimwa, mavuno yaliyouzwa. Taarifa hizo zilikuwa za kweli, lakini hazikugusa kilichoingia kwenye bakuli la mtoto.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika Tanzania nzima, watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mkoani Iringa ni zaidi ya nusu ya watoto. Njombe na Rukwa ni karibu nusu. Hii ndiyo mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini, ambayo malori hupakia mahindi na viazi kupeleka kulisha miji. Kwa hiyo shida yetu kubwa haiko shambani. Iko kati ya shamba na chungu.

Mwezi mmoja wa Januari, wakati wa palizi, tulitembelea nyumba ya mwanakikundi wetu. Mahindi yalikuwemo ghalani. Miti ya parachichi ilikuwa imepandwa kwa mistari mizuri. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu alikuwa ameachwa na dada yake wa miaka saba, na mbele yao kulikuwa na bakuli la uji mweupe wa sembe, mwepesi, umeshapoa. Mama alirudi kutoka shambani saa tisa alasiri. Tukamwuliza maharage yako wapi. Akajibu kwa upole: "Tumeuza. Si ninyi mlitufundisha kilimo biashara?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumefundisha kuuza, tukasahau kufundisha kubakiza.

Ndugu wapendwa, wazazi wetu walikula kwa majira. Mvua ziliponyesha, walichuma majani ya maboga, mnavu na uyoga. Mahindi mabichi na maboga yalifuata. Baada ya mavuno walipika kande ya mahindi na maharage, na uji wa ulezi. Kiangazi kilipofika, mboga zilitoka kwenye vinyungu mabondeni, na nyingine zilikuwa zimekaushwa. Hatusemi kwamba zamani hapakuwa na njaa. Ilikuwepo. Lakini leo tunavyo vyakula hivyo vyote na tunavipita njiani kwenda dukani kununua sembe, biskuti na soda. Uji wa ulezi umeitwa chakula cha maskini.

Sisi wa ofisini ndio tumekuwa mfano mbaya. Semina zetu zimefunguliwa kwa soda na maandazi, hata semina za lishe. Baadhi yetu sasa tunameza vidonge vya kisukari na shinikizo la damu.

Tueleze kidogo kwa nini chakula kizima ni bora. Mahindi yanapokobolewa kupata sembe, kiini na ganda huondoka pamoja na mafuta, nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini B. Dona hubaki navyo. Protini ya mahindi peke yake ina upungufu, na maharage huujaza. Ndiyo maana kande ni chakula cha busara. Mboga za kijani huhitaji mafuta kidogo ili mwili upate vitamini A, na parachichi lina mafuta hayo. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma, bali tunda husaidia kuyapokea.

Tahadhari moja: dona inataka mahindi yaliyokaushwa vizuri na kuhifadhiwa mahali pakavu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi na karanga zenye ukungu tusile wala tusiuze.

Sasa tunaomba kila kamati ya usharika ifanye mambo manne.

Kwanza, ichore kalenda ya chakula ya eneo lake, mwezi kwa mwezi. Wazee na akina bibi waulizwe kwanza. Kalenda itaonyesha miezi ya upungufu, na hapo ndipo tupange kukausha mboga kivulini na kutunza vinyungu.

Pili, kabla ya kuuza, kila kaya itenge fungu la watoto: maharage ya kufika msimu ujao, ulezi, na parachichi. Yale yanayokataliwa na mnunuzi kwa sababu ya makovu kwenye ganda yana lishe ile ile.

Tatu, akina baba washike sehemu yao. Chakula kizuri hupikwa na mtu mwenye muda, kuni na maji. Mama anayepalilia kutwa hawezi kumlisha mtoto mdogo mara tatu au nne kwa siku. Siku 1,000 tangu mimba hadi miaka miwili hazirudi. Baba akileta maji, au palizi ikapangwa kwa zamu, mtoto atakula.

Nne, mikutano yetu yote ya usharika ipikiwe chakula cha msimu: kande, magimbi, viazi, mboga, togwa. Ofisi ya dayosisi itaanza na mkutano huu. Leo hakuna soda, na mtatusamehe.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi gumu. Msituulize tena magunia tu. Tuulizeni ni watoto wangapi walipimwa urefu, na walikula aina ngapi za chakula jana yake. Huenda taarifa zetu za miaka miwili ijayo zitapendeza kidogo kuliko zile za zamani. Tunaomba mvumilie, maana udumavu haupungui kwa robo ya mwaka.

Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alipoeleza maana ya mkate wa kila siku, alihesabu humo hata hali nzuri ya hewa na majirani wema. Hali ya hewa Mungu ametujalia katika milima hii. Ujirani mwema ni kazi yetu.

Yule mama bado ni mwanakikundi wetu. Msimu huu ametenga debe mbili za maharage, na amesema haziuzwi. Tumeliandika hilo kwenye taarifa.