Mwaka Mmoja Trieste: Masomo na Matembezi Katika Nchi ya Italia

(Hotuba iliyotolewa mjini Mpanda mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa)



Katibu aliniandikia kwamba niseme juu ya masomo yangu Italia na juu ya matembezi niliyoyafanya huko. Nitasema yote mawili. Ila msishangae mkiona kwamba kwangu mimi mambo hayo hayakutengana, kwa sababu kila nilikokwenda kutazama nilikuta somo lile lile limenitangulia. Somo lenyewe ni tetemeko la ardhi. Na kabla sijaketi nitatoa hoja moja kuhusu bweni jipya ambalo Umoja wetu unalichangia.

Nilikwenda Italia mwaka 1918... samahani, 2018, walimu wa historia wasije wakanizeesha. Nilikwenda kusoma katika Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia kilichoko Trieste, kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, karibu kabisa na mpaka wa Slovenia. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1964 na Abdus Salam, Mpakistani, ambaye mwaka 1979 alipata Tuzo ya Nobeli ya fizikia pamoja na wenzake wawili. Mwanzoni mwa kazi yake Salam alifundisha kwao Lahore, akajiona yuko peke yake, hana wa kubishana naye wala majarida mapya ya kusoma, mpaka akalazimika kurudi Uingereza. Akaona ni dhuluma kumlazimisha mtu achague kati ya elimu yake na nchi yake. Ndipo akahangaika mpaka kikapatikana kituo ambako watu wa nchi zetu wangeweza kwenda, wakajinoa, wakarudi makwao. Tangu mwaka 1997 kituo hicho kinaitwa kwa jina lake.

Mimi niliingia katika kozi ya diploma ya mwaka mmoja, upande wa fizikia ya dunia. Mwanafunzi anayekubaliwa halipi ada. Nauli na posho hutolewa. Masomo ni kwa Kiingereza. Nayasema haya taratibu ili wale wa nyuma wapate kuandika, maana nilipokuwa nimeketi pale mlipoketi ninyi hakuna aliyenieleza kwamba mahali kama hapo papo duniani.

Safari ilianzia stesheni yetu hapa Mpanda. Reli hii ya kutoka Kaliua ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi, na kila anayeipanda anajua kwamba haina haraka na mtu. Nikafika Tabora, nikafika Dar es Salaam, nikapanda ndege mpaka Venice, na kutoka hapo treni ya saa mbili hivi mpaka Trieste. Venice nitaieleza kwa sentensi moja: ni mji wa ajabu unaosimama juu ya maji, na bei ya chakula chake inamfanya mwanafunzi asimame pia.

Trieste ni mji wa bandari. Kituo chetu kiko nje kidogo ya mji, pembeni ya bustani ya jumba la Miramare, jumba jeupe lililo juu ya mwamba wa bahari. Alilijenga Maximilian, mdogo wake mfalme wa Austria, kisha akashawishika kwenda kuwa mfalme wa Mexico, na huko akapigwa risasi mwaka 1867. Tulipita bustanini mwake tukiwa na mabuku kwapani. Watu wa mji huo wanapenda kahawa kupita kiasi na wana majina yao wenyewe ya vikombe. Ukiomba kahawa kwa jina linalotumika Roma watakuelewa, lakini watakuangalia kama mgeni. Wakati wa baridi unavuma upepo unaoitwa bora, unatoka nchi kavu kwenda baharini, na siku ukikasirika unapita kilomita 100 kwa saa. Nimeona kwa macho yangu mzee akikumbatia nguzo ya taa.

Chakula? Wengi mnadhani nilikula tambi mwaka mzima. Nilikula, ndiyo. Lakini wenyeji wa upande ule wana chakula chao cha asili kiitwacho polenta, nacho ni ugali wa mahindi ya njano, basi. Siku ya kwanza nilipowekewa mezani nilicheka peke yangu. Wao huupika laini mno kwa kipimo cha Mpanda.

Darasani tulikuwa watu wa mataifa mengi: Wanepali, Wasudani, Wakuba, na Mkongo mmoja kutoka Kalemie. Huyu tulizungumza naye Kiswahili, chake na changu, tukawa kama ndugu. Jioni moja mwalimu alitupa orodha ya matetemeko tuchague moja la kulifanyia hesabu, na sote wawili tukaweka kidole mahali pamoja: tarehe 5 Desemba 2005, Ziwa Tanganyika, ukubwa wa 6.8.

Siku hiyo mimi nilikuwa Karema, mtoto wa miaka kumi na mmoja, likizoni kwa babu. Tulikuwa tukigeuza dagaa mchangani. Mchanga ukaanza kutetemeka chini ya miguu kama unga kwenye chekeche, ndege wakaruka, na babu akatuita kwa sauti ambayo sikupata kuisikia tena. Nilimweleza mwenzangu kwamba ilikuwa kama saa tisa na robo alasiri. Akakataa katakata, ilikuwa saa nane na robo, kwa sababu alikuwa anaangalia saa ya ukutani ilipoanguka. Tukabishana hasa, mpaka tukakumbuka kwamba saa za Kalemie ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Ilikuwa dakika ile ile. Mimi upande huu nilipoteza sinia moja la dagaa. Kwao Kalemie nyumba zilibomoka na watu wakafa.

Tangu jioni hiyo matembezi yangu yalibadilika. Wenzangu walikuwa na orodha ya mahali pa kupiga picha; mimi nikawa naangalia kuta.

Juu ya Trieste kuna nyanda za mawe ya chokaa, na ndani yake kuna pango liitwalo Grotta Gigante, yaani Pango Kubwa. Unateremka ngazi kama 500, na chini unakuta ukumbi wenye kimo cha karibu meta 100. Watalii hutazama mawe yanayoning'inia. Katikati, hata hivyo, yamesimama mabomba mawili membamba kutoka sakafuni mpaka darini, na ndani ya mabomba hayo kuna nyaya za timazi. Timazi, vijana, mnaijua: ni ile ya fundi mwashi, uzi na kipande cha chuma. Hii ya pangoni ni ndefu mno na yenye hisi kali. Hupima jinsi ardhi yenyewe inavyoinama kidogo mwezi unapoivuta, kama inavyovuta maji ya bahari. Mwaka 1960, Chile ilipopigwa na tetemeko la ukubwa wa 9.5, timazi za pango hilo zilionyesha dunia nzima ikivuma kama kengele iliyogongwa. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama ninaumwa.

Wakati wa Pasaka nilikwenda Friuli, milimani, mwendo mfupi wa treni kutoka Trieste. Hapo, usiku wa tarehe 6 Mei 1976, tetemeko la ukubwa wa 6.5 liliua watu wapatao 990. Wenyeji walikuwa na hadithi ya zamani ya zimwi liitwalo Orcolat, linalolala chini ya milima na kuitikisa likigeuka. Nilipoambiwa nikamkumbuka Katabi wetu, yule mwenye mkwaju wake karibu na ziwa. Nikawaeleza habari zake. Walifurahi kuliko nilipowaeleza habari za viboko, maana Waitaliano wengi niliokutana nao wanaijua Zanzibar peke yake, na ukisema Katavi wanafikiri umekosea kutamka.

Katika mji wa Gemona niliingia kanisa kuu. Lilibomoka sehemu na kujengwa tena, lakini nguzo za ndani zimeachwa zikiwa zimeinama, ili mtu aone. Unasali kati ya nguzo zilizopinda, na bado jengo ni imara. Mji jirani, Venzone, ulipigwa mara ya pili Septemba mwaka ule ule, na kanisa lake likaporomoka. Walichokifanya hapo ndicho nilichokwenda kukitazama. Waliyaokota mawe ya kanisa, maelfu kwa maelfu, wakayapanga uwanjani, wakayatambua moja moja kwa kutumia picha za zamani, wakayapa namba, wakayarudisha kila moja mahali pake. Kanisa likafunguliwa tena mwaka 1995. Lakini msidhani walianza na kanisa. Uamuzi wao ulikuwa viwanda kwanza, watu wapate kazi wasihame, halafu nyumba, makanisa mwisho. Nawaheshimu kwa mpango huo kuliko kwa kanisa lenyewe.

Katika miji hiyo ya zamani ukitazama kuta kwa nje unaona vipande vya chuma, vingine kama herufi X, vingine kama sahani. Mgeni hudhani ni mapambo. Ni ncha za fito za chuma zilizopita ndani ya nyumba kutoka ukuta huu mpaka wa pili, zikizifunga kuta zisiachane. Mafundi walifanya hivyo karne nyingi kabla ya kuwako mtu wa kupima tetemeko kwa namba.

Roma nilikaa siku nne, nami sitawachosha. Mtaona picha za Kolosseo, ule uwanja mkubwa wa Warumi, na mtaona kwamba upande mmoja ukuta wa nje ni mrefu na upande mwingine haupo. Wengi hudhani umeliwa na umri tu. Sehemu kubwa ya upande wa kusini iliangushwa na tetemeko la mwaka 1349. Upande wa kaskazini ulibaki. Sababu moja iko chini: upande wa kusini ulikalia udongo laini ulioletwa na maji zamani, na kaskazini palikuwa na ardhi ngumu zaidi. Tetemeko likipita katika udongo laini huutikisa kama uji katika bakuli. Jengo moja, fundi mmoja, siku moja, ardhi mbili.

Pisa nayo nilifika, nikauona mnara ulioinama. Ni udongo laini tena.

Sasa turudi kwetu. Tarehe 13 Desemba 1910, wakati wa Wajerumani, tetemeko la ukubwa wa 7.4 liliupiga upande huu wa Rukwa. Ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika katika karne ya ishirini. Mashine za Ulaya zililinakili. Kwa nguvu lilizidi lile la Friuli zaidi ya mara ishirini. Lakini wakati ule watu walikuwa wachache na waliishi katika nyumba za miti na nyasi, ambazo hutikisika na hazimuui mtu. Leo Katavi ni mkoa tangu mwaka 2012, Mpanda ni mji, na nyumba zetu ni za matofali ya kuchoma yaliyoshikanishwa kwa udongo, na mabati juu. Bonde la ufa halijahama.

Nanyi wanafunzi someni habari za Kagera. Tarehe 10 Septemba 2016 lilipiga tetemeko la 5.9 tu, dogo sana mbele ya lile la 1910. Watu zaidi ya kumi walikufa. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika hata zikafungwa kwa muda, na zikabidi kujengwa upya. Ilikuwa Jumamosi alasiri. Fikirini ingekuwa usiku, mabweni yamejaa.

Ndugu Mwenyekiti, nimeuona mchoro wa bweni letu. Ni mzuri. Una vigae sakafuni na dari ya mbao laini. Lenta ya zege na nondo imechorwa juu ya milango na madirisha tu, vipande vipande. Naomba lenta hiyo izunguke jengo lote bila kukatika, na mkanda wa pili wa namna hiyo upite juu kabisa ya kuta, chini ya paa, na nondo za pembeni zifungwe pamoja. Zile kuta mbili ndefu za mwisho, zilizo wazi mpaka kwenye kenchi, ziwekewe nguzo. Kabla ya msingi fundi achimbe mashimo matatu tuone udongo ulioko chini, kwa sababu kiwanja kile kiko karibu na mbuga.

Naona mweka hazina ananitazama. Najua fedha hazitoshi. Basi vigae viondolewe, sakafu iwe ya saruji kama ile tuliyoilalia sisi, na dari ingoje michango ya mwaka ujao. Michoro niliyoirekebisha nimeileta, nakala sita, ziko pale mezani karibu na soda. Naomba hoja hii iandikwe katika kumbukumbu za mkutano na ipigiwe kura kabla ya chakula cha mchana.

Na yule kijana wa kidato cha nne aliyeniuliza asubuhi habari za maombi ya kwenda Trieste, anione baada ya kikao, aje na daftari.