Sauti ya Tatu Isipotee
(Maneno ya Katibu wa Kwaya)

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, wanakwaya wenzangu na washirika wote wa Takaungu, karibuni katika Jubilei.

Leo mtatusikia tukiimba nyimbo zetu mbili za zamani kwa sauti tatu badala ya nne. Sauti ya tatu, yaani tenori, mzee wetu mmoja alikuwa ameihifadhi kichwani, naye ametangulia mbele za Bwana. Haikuandikwa popote. Jambo hili liliwapata wengine kabla yetu, na tuna la kujifunza kwao.

Uingereza ya karne ya 16 na 17 ilipenda sana ala iitwayo viola da gamba. Ukiiona utadhani ni fidla ya taarabu, ila ina nyuzi sita za utumbo, na hata iliyo ndogo huwekwa miguuni, si begani. Zilitengenezwa kubwa na ndogo ili zipigwe pamoja, kama kwaya yenye besi hadi soprano. Sehemu ya muziki wake ilitoka kanisani. John Taverner, aliyefariki mwaka 1545, alitunga misa. Kipande chake kifupi chenye maneno ya “kwa jina la Bwana” kilipendwa, kikapigwa kwa ala bila maneno. Watunzi wengine wakafuata mfano huo, tangu Tallis na Byrd hadi Purcell mnamo 1680, na vipande zaidi ya 150 vimebaki. Humo mpigaji mmoja hushika wimbo wa kale kwa noti ndefu, wenzake wakimzunguka. Mara nyingi huyo si wa juu anayesikika kwanza. Ni wa ndani. Akinyamaza, nyumba imekosa nguzo.

Siku hizo kila sauti iliandikwa katika kitabu chake. John Baldwin, mwimbaji wa kanisa huko Windsor, alinakili nyimbo nyingi za ibada katika vitabu sita. Leo vimebaki vitano, vimetunzwa Christ Church, Oxford. Kilichopotea ni cha tenori. Wataalamu wamelazimika kusikiliza sauti zilizobaki na kukisia ile iliyokosekana.

Sisi bado tuna wazee wa kuwauliza. Kwa hiyo naomba kila Jumamosi baada ya mazoezi tuandike wimbo wetu mmoja kwa sol-fa, sauti zote nne, nakala mbili: moja ya kwaya, nyingine ya kabati la kanisa. Mchwa wakila moja, ipo ya pili.

Na kwa zile nyimbo mbili: yeyote anayekumbuka sauti ya tatu, hata mstari mmoja, hata kwa kubahatisha, tafadhali anione leo kabla hajaenda nyumbani. Nitakuwa na kalamu na daftari.