Kitanda cha Mwisho Katika Wadi

Somo: Mathayo 26:36–46



Usiku ule katika bustani ya Gethsemane, Bwana wetu alijua ya kuwa saa yake imekaribia. Hakuwaomba wanafunzi wamwondolee kikombe. Hilo alimwomba Baba. Kwao aliomba jambo dogo tu, wakae hapo na kukesha pamoja naye. Nao wakalala.

Katika hospitali nyingi kiko kitanda ambacho watu hukipita upesi. Ni cha mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Muuguzi humbadilishia shuka, humpima joto, kisha huondoka kabla hajaulizwa, “Sista, je, nitapona?” Tusimhukumu kuwa hana huruma. Alifundishwa kuponya, wala hakufundishwa la kufanya uponyaji ukishindikana. Kwake kifo ni kushindwa kazini, na mtu hukimbia mahali aliposhindwa.

Alikuwako mwanamke Mkristo wa Uingereza, Cicely Saunders, aliyelifanya ombi lile la Gethsemane kuwa msingi wa kazi yake. Alikuwa muuguzi, baadaye akawa daktari, na mwaka 1967 alifungua St Christopher's Hospice huko London. Alifundisha ya kwamba maumivu ya anayekufa si ya mwili peke yake. Iko hofu ya moyoni, yako mahangaiko ya nyumbani, na yako maswali ya roho. Muuguzi asiyeketi na kuuliza ataona kidonda tu.

Mafunzo hayo yamefika kwetu. Hospisi ya Nairobi ilianza mwaka 1990, na Hospice Africa Uganda ikaanza Kampala mwaka 1993. Muuguzi hufundishwa kutoa mofini ya kunywa kwa saa zake, mara nyingi kila baada ya saa nne, asingoje mgonjwa alie. Hufundishwa kwamba dawa hiyo ikipimwa vema haiharakishi kifo. Nchini Uganda, tangu mwaka 2004, sheria huwaruhusu wauguzi waliofunzwa kazi hii kuiandika wenyewe. Tena hufundishwa kusikiliza, na kusema kweli kwa upole.

Je, moyo wa muuguzi hubadilika? Mwaka 1991 Katherine Frommelt wa Marekani alichapisha habari za wauguzi aliowapima kabla ya mafunzo na baada yake. Baada ya mafunzo walionekana kuwa na moyo mwema zaidi wa kumhudumia anayekufa pamoja na jamaa zake. Sababu yake si ngumu kuiona. Mwenye la kufanya hakimbii. Ajuaye kutuliza maumivu aweza kuketi, na aketiye humwona mtu, si ugonjwa. Huruma ilikuwamo tangu mwanzo; mafunzo yaliipa mikono.

Labda wewe msikilizaji wauliza, “Kukubali kwamba mgonjwa atakufa, je, si upungufu wa imani?” La, ndugu. Twaomba uponyaji, na Mungu aweza. Lakini wale wanawake waliosimama karibu na msalaba hawakuwa na imani haba. Hawakuweza kumshusha Bwana. Waliweza kukaa naye, wakakaa. Anayemlazimisha mgonjwa aseme amepona humwacha peke yake na hofu yake, tena humnyima nafasi ya kusamehe, ya kutengeneza mambo ya nyumba yake, na ya kuaga.

Basi juma hili twende kwa mgonjwa ambaye watu wameacha kumtembelea. Tuvute kiti karibu na kitanda. Tumwulize, “Mama, ni nini kinachokusumbua zaidi?” kisha tunyamaze tumsikilize. Akisema ni maumivu, tusimwambie avumilie, tumwite muuguzi. Akitaka maombi, tuombe kwa maneno machache. Na binti zetu na vijana wetu walio katika vyuo vya uuguzi, tuwatie moyo wajifunze kazi hii, maana ni huduma ya Kristo.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, wewe uliyeachwa peke yako usiku ule, uwatie nguvu wauguzi wanaokesha usiku huu. Utufundishe nasi kukaa karibu, hata pale tusipoweza kuponya. Amina.