Kuomba Macho Wazi

Mazungumzo juu ya watoto wanaochukuliwa na kuuzishwa

Ndugu musomaji, mama, baba, na wewe mwanafunzi wa uuguzi,

Mazungumzo haya niliyatoa kwanza mbele ya wanafunzi wetu hapa Kamina, kisha mbele ya wamama wa kliniki. Wamama wakaniambia: "Mama, uandike haya maneno, tuyasome na wabwana zetu nyumbani." Basi nimeandika. Soma pole pole. Kama jirani hajui kusoma, umusomee.

Kazi yangu ni kufundisha vijana kupima joto, kuhesabu mapigo ya moyo, kusafisha kidonda. Lakini leo sisemi juu ya malaria wala kuhara. Nasema juu ya ubaya mwingine unaoleta vidonda hospitalini: mutu kumufanya mutu mwenzake kuwa biashara. Na ninasema juu ya maombi, kwa sababu katika jambo hili mimi mwenyewe niliomba vibaya.

1. Kosa langu

Siku moja ya kliniki, mama mumoja alifika na mutoto mwanamuke wa miaka 13 mwenye homa. Nikamupima: joto 38 na nusu, uzito kilo 37. Damu ikaonyesha malaria, nikamupa dawa ya siku tatu. Mama yule alikuwa na maneno ya upole. Akasema: "Mama munganga, mimi niko mama yake mudogo. Namupeleka Lubumbashi, atasoma kule. Treni inaweza kuingia leo usiku. Utuombee tu safari."

Nikafurahi. Nikaweka mukono juu ya kichwa cha mutoto, nikaomba maombi marefu: treni isianguke, wezi wasije, masomo yaende vizuri. Nikasema Amina. Mutoto hakusema Amina, aliangalia chini. Na kila nilipomuuliza juu ya homa yake, mama yule ndiye aliyejibu. Niliona mambo hayo mawili, lakini sikuuliza kitu. Wagonjwa walikuwa wengi, na mutu anayetaka maombi, nani atamuzania mabaya?

Nyuma ya mwaka mumoja na miezi mine mutoto alirudi. Mama mumoja anayeuzisha samaki wa kukauka alimukuta analia kwenye kituo cha treni kule Lubumbashi, akamusikia anasema Kiluba, akamurudisha kwa feza yake mwenyewe. Mungu amubariki mama yule. Nikamupima tena: kilo 33. Mutoto wa miaka 14 alikuwa amepunguka kilo ine, wakati alipaswa kukomaa. Juu ya mukono kulikuwa na kovu la pasi ya makala. Aliamuka saa kumi ya usiku, akafagia, akafua, akapika, akatembeza maji ya kuuzisha mpaka jioni. Akaniambia: "Mama, habakunilipa hata falanga moja. Balisema masomo ni mwaka kesho." Kuna mambo mengine aliyonieleza mimi peke yangu. Hayo sitaandika.

Kisha akasema neno moja: "Mama, ile siku uliniombea. Nilikuwa nangoja uniulize."

Ndugu, tangu siku ile neno hilo halijaniacha. Maombi yangu hayakuwa ya uongo. Lakini niliomba nikiwa nimefunga macho, na mutoto alikuwa mbele yangu.

2. Jambo hili ni nini?

Wengine watasema: "Lakini kulea mutoto wa ndugu ni desturi yetu." Ni kweli, na ni desturi nzuri. Wengi wetu tulisoma kwa sababu mujomba au mama mukubwa alitupokea. Lakini mwizi wa watu anavaa desturi hiyo kama nguo, ili tusimutambue.

Mwaka 2000 Umoja wa Mataifa uliandika mapatano juu ya biashara ya watu. Yanasema tuangalie mambo matatu. La kwanza: mutu amechukuliwa, amesafirishwa, amefichwa ao amepokelewa. La pili: njia iliyotumiwa ni nguvu, uongo, ao kutumia shida ya mutu. La tatu: kusudi ni kumutumikisha, kumufanyisha uzinzi, ao faida nyingine juu ya mwili wake. Kwa mutoto ambaye hajatimiza miaka 18, jambo la pili halihitajiwi. Hata akisema mwenyewe "nakubali", ni kosa.

Inchi yetu nayo imesema wazi. Katiba ya mwaka 2006, katika sehemu ya 16, inakataza utumwa na kazi ya kulazimishwa. Sheria ya kulinda mutoto ya tarehe 10 Januari 2009, katika sehemu ya 162, inamupa mutu anayefanya biashara ya mutoto kifungo cha miaka 10 mpaka 20. Na tarehe 26 Desemba 2022 sheria nyingine iliongezwa juu ya biashara ya watu wote, wakubwa na wadogo. Basi mutu asikudanganye kwamba hayo ni mambo ya jamaa tu.

Sisi watu wa Kamina tuko pahali ambapo njia za treni zinakutana: moja inakwenda Lubumbashi, moja inapanda Kananga na Ilebo, moja inaelekea Kabalo na Kalemie. Treni ni baraka. Inatuletea dawa na chumvi. Lakini inapitisha pia mutoto anayepelekwa kazi ya nyumbani bila malipo, na kijana anayepelekwa upande wa Kolwezi ao Likasi kubeba magunia na kuosha mawe ya madini.

3. Njia hiyo ni ya zamani

Wankambo wetu waliijua njia hiyo. Katika miaka ya 1800 wafanya biashara kutoka Bihe, katika Angola, walifika katika inchi ya Baluba na Balunda. Walileta bunduki na nguo, wakachukua pembe za tembo na watu. Upande wa mashariki walikuja wengine kutoka pwani. Watoto wengi walitembea njia hiyo na hawakurudi.

Lakini wengine walirudi. Kayeka Mutembo, Mulunda, alichukuliwa utumwani mpaka Angola. Kule akasikia Habari Njema. Katika miaka ya 1910 akarudi, akatumika pamoja na John Springer na muke wake Helen walipoanza kazi ya Wametodisti kati ya Balunda. Baluba wengine waliotekwa walirudi vilevile, wakahubiri kwa jamaa zao. Sisi Waprotestanti wa inchi hii tusisahau: kati ya watu wa kwanza waliotuletea Injili, wengine walikuwa watoto waliouzishwa. Kanisa lenye mwanzo kama huu haliwezi kunyamaza mutoto mwingine anapouzishwa.

4. Biblia inatufundisha kuomba namna gani?

Soma 2 Wafalme 4:1-7. Mujane mumoja alimulilia Elisha, kwa sababu mwenye kumukopesha alikuja kuchukua watoto wake wawili kuwa watumwa. Tazama Elisha alifanya nini. Alimuuliza: anataka afanyiwe nini, na ana nini nyumbani? Mujane alikuwa na mafuta kidogo. Akatumwa kuazima vyombo kwa majirani. Mungu akafanya mwujiza, lakini vyombo vilitoka kwa majirani. Na mwisho wake? Deni likalipwa, watoto wakabaki nyumbani.

Soma tena Nehemia 4:9. Watu walimwomba Mungu, na pamoja na maombi waliweka walinzi usiku na muchana. Nehemia hakuona kwamba mulinzi ni alama ya kukosa imani. Katika sura ya 5 aliwakaripia wakubwa waliofanya wenzao waweke watoto rehani kwa sababu ya deni.

Na katika Kutoka 3 Mungu anasikia kilio cha watumwa, kisha anamutuma mutu. Mara nyingi jibu la maombi yetu ni kwamba Mungu anatutuma sisi wenyewe. Hapo ndipo wengi tunasema Amina haraka na kurudi nyumbani.

5. Maulizo matano mbele ya kusema Amina

Mutu akikuletea mutoto umuombee safari, uombe, ndiyo. Lakini kwanza uulize kwa upole:

Moja. Mutoto anaitwa nani, na anayemupeleka ni nani wake? Umuulize mutoto mwenyewe, pembeni, katika luga yake.

Mbili. Baba na mama wanajua? Kama wamekufa, ni nani mukubwa wa jamaa aliyekubali?

Tatu. Anakwenda kukaa nyumba gani, mutaa gani? Atasoma masomo gani, na ni nani atalipa?

Ine. Namba ya telefone ni gani? Piga sasa, mbele ya treni kufika.

Tano. Karatasi ya kuzaliwa iko? Ibaki kopi kwa wazazi. Ndiyo maana tunawaambia wamama siku zote: andikisha mutoto mbele ya siku 90 kupita. Mutoto asiye na karatasi, ni vyepesi kumugeuzia jina na miaka.

Mutu mwema hatakasirika. Atafurahi kwamba mutoto wake ana walinzi. Akikasirika, ao maneno ya mutoto yakipingana na yake, usipigane naye na usimutukane. Umwite muchungaji ao shefu wa mutaa, mwende pamoja kwa polisi ao kwa ofisi ya mambo ya jamii ya serikali. Mutu mumoja akienda peke yake wanaweza kumufukuza. Wamama kumi wa kanisa si rahisi kuwafukuza.

6. Kama mutoto amerudi

Usimuulize mbele ya watu: "Walikufanya nini?" Umupe maji na chakula, umupe pahali pa kulala, umwambie: "Si kosa lako." Kisha umulete hospitali.

Kama ametendewa kwa nguvu kimwili, usingoje. Mbele ya saa 72 kupita, maana yake siku tatu, iko dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kusaidia mpaka siku tano, lakini mapema ni bora zaidi. Hata kama siku hizo zimepita, umulete tu: kuna magonjwa mengine ya kupima na kutunza.

Mutoto anaweza kuruka usiku, kukojoa kitandani, kukataa kusema, ao kukasirika bila sababu. Usimupige, na usiseme ana pepo. Ni roho yenye kidonda, na kidonda hicho kinataka siku nyingi. Tusimulazimishe kusimama kanisani na kutoa ushuhuda. Atasema siku atakapotaka.

7. Neno kwa sisi wa hospitali

Sijamaliza habari ya mutoto yule. Mwanamuke aliyemupeleka hakuwa mama yake mudogo. Alikuwa mutu wa kujuana tu sokoni. Mama ya mutoto alipasuliwa tumbo wakati wa kuzaa, katika hospitali moja, na baadaye akazuiliwa pale pamoja na mutoto muchanga kwa sababu ya deni. Majuma yalipita. Mwanamuke yule akalipa deni, akasema: "Huyu binti yako mukubwa aje anisaidie kazi kidogo, nitamusomesha." Mama alikuwa na mulango gani mwingine wa kutokea?

Ndugu wanganga, tuungame. Katika hospitali nyingi za inchi yetu mugonjwa akikosa feza anawekwa kama rehani. Najua hospitali nayo ina shida: dawa zinanunuliwa, wafanyakazi wana watoto. Lakini tunapofunga mulango juu ya mama mwenye deni, tunamufungulia yule anayetafuta watoto. Tumupe mama siku za kulipa kidogo kidogo. Na kila kanisa liwe na sanduku la wamama wanaozaa, watu waweke humo wanachoweza, hata mihindi ao mafuta. Hivyo ndivyo vyombo vya majirani katika habari ya Elisha.

8. Tuombe

Mutoto yule sasa anakaa kwa nkambo yake, na anasoma. Usiku mwingine anaamuka na kulia. Mwanamuke yule hatukumwona tena, na sijui kama amepanda treni na mutoto mwingine. Kwa hiyo naomba, na ninakualika uombe nami kila Jumatano, siku ya kliniki, kwa ajili ya watoto walio njiani, wazazi wenye deni, waamuzi na polisi wasipokee kituliro, na hata wale wanaouzisha watu, watubu na kuwarudisha waliowachukua.

Tunaweza kuomba hivi:

Bwana Yesu, wewe uliuzishwa kwa feza, unajua uchungu wa mutu kupewa bei. Utusamehe pale tulipoona na kunyamaza. Utupe macho ya kutazama uso wa mutoto, na kinywa cha kuuliza. Utupe miguu ya kwenda mpaka kituo cha treni, mpaka kwa polisi, mpaka kwa mulango wa mama aliyefungiwa. Uwarudishe walio mbali. Na mutoto anayengoja leo mutu amuulize, asingoje bure. Amina.

Ukiisha kusema Amina, fungua macho, uangalie ni nani aliye mbele yako.