Mzee Asibaki Mikono Mitupu

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanafunzi wa zamani,

Nimeombwa nizungumzie mirathi. Bwenini tulirithishana masanduku ya bati tu. (Kicheko.)

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, mashamba ya kwetu Zuzu yamepata wanunuzi. Ukazuka na ushauri: Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilisema mzee wa miaka 60 na zaidi asiyejiweza atibiwe bure, basi baba awagawie watoto kila kitu, mtendaji aandike barua kwamba hana kitu.

Baba yangu aliufuata. Mwaka haukwisha, kaka akauza ekari mbili za zabibu. Mzee alipougua figo barua ilipokelewa, lakini dawa tuliambiwa tukanunue nje. Akawa anamwomba mwanawe nauli kama mgeni. Nami, mtumishi wa Serikali, ningeweza kumwandikisha mzazi kwenye bima yangu. Fomu ilikaa mezani miezi saba.

Wosia, ndugu zangu, haumwondolei mtu shamba angali hai, na akitaka anaubadili. Kwa kanuni za mila za 1963, ajuaye kusoma na kuandika huhitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje, asiyejua, wanne. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, huutunza.

Nimekuja na mfano wa wosia, nakala ishirini. Anayetaka anione kabla ya chakula.