Mpira wa Mkojo Usio na Tarehe ya Kutoka
Mada kwa semina ya matabibu na wauguzi wa vituo vya afya na hospitali za wilaya

Washiriki hawahitaji kufundishwa dalili za matatizo ya mkojo. Mkojo unaochelewa kuanza, unaotoka bila nguvu au unaokatikakatika. Kubanwa ghafla, kwenda haja ndogo kila mara, kuamka usiku. Maswali 7 ya IPSS, kila moja likiwa na alama 0 hadi 5, yanatosha kupima ukali: hadi 7 ni hali nyepesi, 8 hadi 19 ya wastani, 20 hadi 35 kali.

Tezi dume si mshtakiwa pekee. Kijana mwenye mkojo mwembamba aulizwe kama aliwahi kuugua kisonono, maana huenda njia yake imebanwa na kovu. Aliyekulia Pemba au Shinyanga na kuwahi kukojoa damu afikiriwe kichocho. Kisukari humwamsha mtu usiku, na furosemidi iliyomezwa jioni vilevile. Hata dawa ya mafua yenye klorofeniramini inaweza kumzibia mkojo mzee ambaye tezi yake ilikuwa imeshaanza kukua. Kuhusu kupima tezi kwa kidole, utani wa vijiweni umewafanya wengi wadai PSA tu, ilhali PSA hupanda kwa maambukizi na kwa mkojo kuziba. Ugumu na vinundu bado huguswa kwa kidole.

Sasa mpira.

Mzee analetwa usiku, tumbo la chini limejaa, mkojo umegoma. Muuguzi anamwekea mpira, mfuko unajaa, mzee anashusha pumzi na kumwombea dua. Asubuhi anaandikiwa rufaa. Hapo ndipo mgonjwa anapokosa mwenyewe. Nauli inatafutwa, mavuno yanangojwa, hospitali ya rufaa inatoa tarehe ya mbali, na mpira wa dharura unakaa miezi. Kwenye cheti hakuna aliyeandika utatolewa lini, wala na nani.

Mada hii haimlaumu mtu wala kituo chochote. Mabingwa wa mfumo wa mkojo ni wachache, na mama anayehitaji upasuaji wa dharura hawezi kuwekwa foleni nyuma ya tezi dume. Hata hivyo ukweli wa kitaalamu haubadiliki: mpira wa lateksi hubadilishwa ndani ya takriban wiki 4, wa silikoni ndani ya wiki 12, na bakteria hawasubiri tarehe ya rufaa. Kila siku ya mpira huongeza uwezekano wa vijidudu kwa asilimia 3 hadi 7. Ukitimia mwezi, karibu kila mkojo unavyo. Ndiyo maana kipimo cha kijiti kitasema “UTI” kila safari, na mzee asiye na homa wala maumivu atamezeshwa siprofloksasini tena na tena, mpaka siku anayoihitaji kweli isimsaidie.

Yapo pia yasiyoingia kwenye faili. Katika miji ya mwambao, mwenye mfuko wa mkojo huacha kwenda msikitini akidhani swala yake haifai, ingawa fiqhi inamruhusu mwenye udhuru wa kutokwa na mkojo kutawadha kila unapoingia wakati wa swala. Muuguzi akilitamka hilo, au akamwomba imamu alitamke, atakuwa ametibu kitu ambacho hakuna kidonge chake.

Kinachoudhi ni kwamba sehemu ya dawa ipo. Katika utafiti wa alfuzosini, karibu 6 kati ya 10 waliopewa miligramu 10 kwa siku walikojoa wenyewe mpira ulipotolewa, dhidi ya takriban 5 kati ya 10 waliopewa vidonge visivyo na dawa. Tamsulosini ya miligramu 0.4 hufanya kazi kama alfuzosini. Siku 2 au 3 za dawa, kisha mpira unajaribiwa kutolewa asubuhi, mgonjwa akiwa karibu na kituo. Finasteridi si ya dharura: huchukua kama miezi 6 kuonyesha matokeo yake kamili, na hushusha PSA kwa nusu, jambo linaloweza kumpotosha msomaji wa majibu. Ambaye figo zimeathirika kwa mkojo kuziba asijaribiwe kutolewa mpira. Huyo ni wa upasuaji. Na apewaye vidonge aambiwe ainuke taratibu, kwani presha inaweza kushuka.

Mapendekezo yanarudia yaliyokwisha kusemwa, na ni kwa makusudi. Kila mpira uandikwe tarehe ya kuwekwa, ya kubadilishwa na ya kujaribu kuutoa, pamoja na jina la anayewajibika. Kila kituo kiwe na daftari la wenye mipira. Dawa ianze siku ileile mpira unapowekwa, iwapo presha inaruhusu. Kijiti kisitumike kwa mwenye mpira asiye na dalili, na antibayotiki isifuate kijiti. Tarehe iandikwe, inasemwa tena kwa kuwa ndiyo inayosahaulika kwanza.

Wizara na ofisi za waganga wakuu wa wilaya zinashauriwa kuhakikisha tamsulosini inapatikana hospitali za wilaya, bajeti ikiruhusu. Maneno hayo ya mwisho yamezoeleka mno: mpira mpya, mfuko mpya na siprofloksasini ya kila mwezi navyo ni bajeti. Kambi ya madaktari bingwa ikija wilayani, orodha ya kwanza itoke kwenye daftari la mipira, ikianzia na aliyekaa nao muda mrefu zaidi, na kreatinini yake iwe imepimwa kabla bingwa hajafika.